Maji ya Uyole hayachemki kama ya Dar

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua barua ndefu hukatwa. Ukilazimika kuikata hii, kata popote upendapo, ila usiguse mahali ninapotaja dakika.

Ukurasa wenu wa mapishi ulitufundisha majuzi kupika kile mlichokiita siagi ya matunda yenye viungo, ya kufunga kwenye chupa na kuwagawia watu wakati wa sikukuu. Nilifurahi kuiona. Mimi na mke wangu tunaipika hapa Uyole kila msimu wa maepo, yaani matufaha, na nyumbani tunaiita rojo tu, maana siagi yenyewe haimo hata tone. Vipimo vyenu vilikuwa vizuri, na mdalasini mliuweka wa kutosha. Shida ilikuja mwishoni. Mwandishi alisema umimine rojo likiwa la moto, ukaze mfuniko, upindue chupa kichwa chini kwa dakika tano, na kwamba likishapoa litakaa kabatini mwaka mzima. Halafu akaongeza, kama mtu anayetania, kwamba asiyepata maepo atumie boga.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam ushauri huo una kasoro. Kwa msomaji wa Mbeya, Njombe au Makete una kasoro zaidi, na sababu yake ni hii milima tunayokaa.

Kabla ya kustaafu nilikuwa mpishi wa behewa la chakula kwenye treni ya TAZARA. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, Zambia. Unawasha jiko usawa wa bahari, usiku unapita bonde la Kilombero na joto lake, na ukishapita Mlimba treni inaanza kupanda, handaki kwa handaki, hadi Makambako. Kuanzia hapo uko juu. Na sehemu ya juu kuliko zote katika reli nzima iko hapahapa Uyole, karibu mita 1,790 kutoka usawa wa bahari. Wanangu walipokuwa shuleni nilikuwa nawaambia baba yao anafanya kazi inayomaliza kupanda ikifika nyumbani kwake.

Mpishi mgeni kwenye treni alikuwa anajulikana kwa maharage. Aliyezoea kupikia Dar aliyapa maharage muda wa kule, na yakifika kwenye sahani za abiria huku juu bado yana kiini kigumu. Mayai vilevile. Yai la dakika za Dar ukilimenya Mbeya ute wake bado unatetemeka. Mgeni alikuwa analaumu jiko, analaumu mbegu, analaumu aliyenunua. Wazee wa jikoni walikuwa wanamwacha aseme yote, kisha wanamwambia: ni maji.

Hewa ya huku juu ni nyepesi na haiyakandamizi maji sawasawa, kwa hiyo yanaanza kuchemka kabla hayajapata moto wake kamili. Kwa kukadiria, kila ukipanda mita 300 unapoteza nyuzi moja. Dar maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Uyole yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Njombe mjini na Makete ni chini ya hapo tena. Ukiyatazama huoni tofauti: yanatokota, mvuke unapanda, mfuniko wa sufuria unacheza. Lakini zile nyuzi sita hazipo, na hata ukiongeza mkaa hazirudi. Mkaa wa ziada unakuongezea mvuke tu. Kitu pekee unachoweza kuongeza ni muda, na kila mama wa Mbeya anayepika makande analijua hilo bila kupima nyuzi.

Sasa tuje kwenye chupa. Kinachoharibu rojo la maepo kabatini kwa kawaida ni ukungu na chachu. Hivyo vinakufa kwenye maji yanayochemka, mradi uvipe muda. Kuna adui mwingine mbaya zaidi, bakteria wa botulini, anayeishi udongoni. Mbegu zake hazifi kwenye maji yanayochemka, iwe Uyole au Dar. Zinataka nyuzi 116 kwenda juu, na joto hilo unalipata kwenye sufuria ya presha peke yake. Zikibaki hai ndani ya chupa isiyo na hewa, kwenye chakula kisicho na uchachu, zinaamka na kutengeneza sumu ambayo mara nyingi huioni wala huinusi. Kinachotuokoa kwenye maepo ni uchachu wa tunda lenyewe. Mpaka unaowekwa na wataalamu ni 4.6 kwenye pH, kile kipimo cha uchachu: chakula kilicho chini ya hapo, yaani kichachu zaidi, mbegu hizo haziamki. Epo liko kati ya 3.3 na 4. Ndiyo maana rojo lake linaweza kufungwa jikoni kwa mtu yeyote mwenye sufuria kubwa na saa ya ukutani.

Boga halina uchachu huo. Liko juu ya mpaka, tena mbali. Na likipondwa linakuwa zito kiasi kwamba joto halifiki katikati ya chupa sawasawa. Hata Marekani, ambako boga la viungo linapendwa mno, mamlaka zao za chakula zinawashauri watu wasilifunge kwenye chupa nyumbani. Lipike, weka mdalasini, litie kwenye friji, liishe ndani ya wiki. Kabatini hapana. Ndugu zetu wa Rungwe nao wasije wakasema hawana boga lakini wana ndizi mbivu na mapapai. Hayo nayo uchachu wake ni mdogo, na kuyakamulia ndimu kwa kukisia hakutoshi. Mapera na plamsi yana uchachu wake. Parachichi naomba tuliache liende zake nje ya nchi.

Kuhusu kupindua chupa. Mfuniko unaweza kunata, hilo sikatai, ila unanata kilegevu, na ile hewa iliyobaki juu ya rojo imekaa na kila kilichoingia nayo. Rojo lenyewe likipenya kati ya mpira wa mfuniko na mdomo wa chupa linaacha kinjia, na baada ya miezi miwili unakuta manyoya ya kijani. Jirani yangu mmoja alikuwa akiyakwangua na kijiko na kula kilicho chini yake. Nilimkuta nikamnyang'anya, tukanuniana siku kadhaa.

Njia yenyewe ni hii. Chupa ziwe za kioo, zimeoshwa na kuchemshwa, na ziwe za moto wakati wa kumimina, kwa sababu chupa baridi ikipokea rojo linalotokota inapasuka na kukumwagikia miguuni. Jaza na uache nafasi ya kama milimita sita juu. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi. Funga kwa mfuniko wa bati wenye mpira mzima ndani. Mpira uliokwisha kukatika au kukauka usiujaribu, maduka ya vifungashio yanauza mifuniko peke yake. Tandika kitambaa chini ya sufuria kubwa ili chupa zisigonge bati, zizamishe kwenye maji ya moto hadi yazifunike kwa sentimita mbili na nusu, acha yachemke tena, na hapo ndipo uanze kuhesabu.

Dakika ni hizi, Mhariri, usizikate. Ni vipimo vya idara ya kilimo ya Marekani, kwa rojo la maepo kwenye chupa isiyozidi nusu lita. Kutoka usawa wa bahari hadi mita 300, dakika 5. Kutoka hapo hadi mita 1,830 hivi, dakika 10. Zaidi ya hapo, dakika 15. Kwa hiyo Dar na Tanga 5. Kyela, ambako watu wanadhani wako bondeni kabisa, wako kama mita 500, nao ni 10. Tukuyu, Iringa mjini na Mbeya mjini, 10. Mafinga, Njombe na Makete, 15. Sisi wa Uyole tuko chini ya mpaka kwa mita 40 hivi. Mke wangu anachemsha dakika 15, anasema mita 40 si za kubishana nazo wakati chakula kinaenda kuliwa na mama mkwe wa mtu.

Zikitoka zisiguswe hadi kesho yake. Katikati ya mfuniko pazame. Ukibonyeza pakarudi juu na kulia "tik", chupa hiyo haikufunga. Itie kwenye friji uanze kuila wewe.

Nimeanza na usalama kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike, lakini nisingependa wasomaji wakimbie wakidhani rojo ni kazi ya maabara. Ni chakula cha uvivu, kama unajua kukaa karibu na jiko. Tofauti yake na jemu ni kwamba jemu unaipika haraka kwa sukari karibu sawa na tunda, ishike. Rojo unaliponda tunda zima, unalichuja, kisha unalipika polepole hadi maji yake yaondoke, na sukari inaweza kuwa robo ya uzito wa matunda au hata pungufu. Utamu mwingi unatoka kwenye tunda lililokazwa. Ndiyo maana linatufaa sisi wa milimani, ambao maepo yetu mengi ni madogo, machachu, yenye makovu ya mvua ya mawe. Mteja wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, anayapita kwenda kuchukua lile jekundu linalong'aa kama limepakwa mafuta. Mama wa sokoni jioni yuko tayari kukupa ndoo nzima ya yale yaliyobaki kwa bei ambayo asubuhi angekufukuzia. Niseme jambo moja: lililochubuka au kudonolewa na ndege, kata sehemu hiyo, tumia. Lililooza na kuota ukungu, tupa lote. Ukungu wa maepo unaacha sumu iitwayo patulini ambayo moto wa jikoni hauimalizi.

Kwa maepo ya kilo tatu na nusu hadi nne, tunatia nusu lita ya siki ya kawaida ya asilimia 5 na nusu lita ya juisi ya epo. Usiyamenye. Yakate vipande vinne, kikonyo toa, ganda na kokwa acha, kwa kuwa ndimo ulimo ule utelezi unaolifanya rojo lishikane. Chemsha hadi yalainike kabisa, kisha yapitishe kwenye chekeche la waya kwa mgongo wa upawa. Kazi hii inauma mkono, mpe kijana aliyekuja kusalimia. Maganda na kokwa vinabaki juu, chini unapata uji laini wa rangi ya majani makavu.

Hapo ndipo sukari inaingia, kilo moja pungufu kidogo. Nusu iwe nyeupe na nusu iwe ya kahawia, ile isiyosafishwa sana, inaleta rangi na harufu ya muwa. Mdalasini wa unga vijiko viwili vikubwa. Karafuu ya unga, vipimo vya Wamarekani vinasema kijiko kikubwa kizima. Sisi tunatia nusu ya hicho, watu wa Pemba watusamehe, maana karafuu ikizidi ulimi unakufa ganzi na epo halisikiki. Iliki naipenda mimi, mke wangu haitaki, kwa hiyo kuna chupa zake na chupa zangu, na zangu nazifunga utepe mwekundu ili asizigawe kwa bahati mbaya. Viungo unaweza kupunguza au kubadili unavyotaka, havigusi usalama. Siki usipunguze.

Viungo vyenyewe nina mazoea ya zamani ya kuvinunua Kariakoo vikiwa vizima na kuvisaga nyumbani. Mdalasini wa unga unaouzwa kwenye vipakiti mwingine umekaa hadi umesahau kazi yake. Vunja kijiti, nusa. Kisipokupiga puani kirudishe.

Moto sasa. Hapa ndipo watu wanaharibu. Rojo likishaanza kuwa zito linarusha, na tone lake likikupata linashikilia ngozi. Tumia mwiko mrefu na mfuniko ulioegeshwa, usiwaache watoto karibu. Moto mkali unaunguza chini, na harufu ya kuungua inapanda hadi juu na haitoki hata ufanye nini. Kama ni gesi, weka chini kabisa, na ujue utaimaliza gesi ya kutosha. Sitawaficha, kwenye gesi rojo si rahisi. Sisi tunalipika juu ya mkaa uliobaki baada ya maharage, uliofunikwa majivu nusu. Linachukua saa mbili, tatu, wakati mwingine zaidi kama maepo yalikuwa na maji mengi. Unakoroga, unakaa, unasikiliza redio, unakoroga. Zile dakika za mwisho ndipo usiondoke kabisa.

Kujua limeiva, chukua kijiko, weka kwenye kisahani baridi, subiri dakika mbili. Likikaa kilima chake bila maji kujitenga pembeni, tayari. Maji yakijitenga, rudi kwenye mwiko. Kwa kipimo hicho utapata chupa nane au tisa za nusu lita, au mara mbili ya hizo kama unatumia zile ndogo, ambazo kwa zawadi ni nzuri zaidi.

Huko nje kazi hii ni ya jamii nzima. Wajerumani waliohamia Pennsylvania, Marekani, walikuwa wakipika uani kwenye masufuria makubwa ya shaba, wakikoroga kwa miti mirefu kutwa nzima kwa zamu. Kisiwa cha Jersey wana rojo lao jeusi, la juisi ya epo iliyochacha na viungo, ambalo walikuwa wakikesha wakilikoroga usiku kucha huku wakiimba. Nilipoyasikia haya kutoka kwa sista mmoja wa misheni ya upande wa Njombe, ambaye ndiye aliyetuonyesha rojo kwa mara ya kwanza, nilisema hao ni watu wetu. Na aliyebuni kufunga chakula kwenye chupa na kukichemsha naye alikuwa mpishi, Nicolas Appert wa Ufaransa. Serikali yake ilimpa faranga 12,000 mwaka 1810, na hakuna aliyejua kwa nini njia ile inafanya kazi hadi Pasteur alipokuja kueleza habari za vijidudu miaka 50 baadaye. Wasomi walikuja nyuma ya sufuria. Nalisema hilo kwa majivuno, naomba mniachie.

Kuhusu zawadi, mtu akitoka Mbeya kwenda Dar anategemewa kushuka na mchele wa Kyela. Usiposhuka na mchele unaulizwa hali ya mvua, ukishaeleza mvua unaulizwa tena, hadi uelewe. Mwanzoni nilipopeleka rojo kwa dada yangu Kinondoni alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akatazama nyuma yangu kama kuna mfuko mwingine. Nilijifunza kupeleka vyote viwili, mchele kwa ajili ya heshima na chupa kwa ajili ya chai ya asubuhi. Siku hizi hataji mchele, ananipigia kuuliza chupa. Analipaka kwenye maandazi. Mume wake analila kwa muhogo wa kuchemsha, jambo ambalo nililicheka hadi nilipojaribu. Wajukuu wanalichovya na chapati. Nasikia kuna mmoja analila kwa ugali, sijaambiwa ni nani, wanamficha.

Shangazi yangu wa Kihesa, Iringa, ni hadithi nyingine. Tulimpa chupa iliyofunikwa kitambaa cha kitenge na kufungwa utepe. Tulipomtembelea baadaye tuliikuta kwenye kabati la vioo la sebuleni, katikati ya vikombe vya harusi na picha ya ubarikio, haijafunguliwa. Nikamwambia, "Shangazi, hiki ni chakula." Akasema, "Najua baba, lakini kimependeza." Mwaka uliofuata tulimpelekea mbili, moja ya kupendeza na moja tumeifungua wenyewe mbele yake tukapaka mkate. Kwa wazee ndiyo njia pekee, msiwape zawadi mkaondoka.

Kitambaa na utepe ni hiari. Kilicho lazima ni karatasi ndogo yenye jina la kilichomo, tarehe ya kufunga, na maneno haya: "Ukifungua, weka kwenye friji, liishe ndani ya wiki tatu." Rojo lina sukari kidogo kuliko jemu, kwa hiyo likifunguliwa haliwezi kujilinda. Asiye na friji mpe chupa ndogo, aimalize. Sisi tunapika msimu wa maepo tunaweka kwenye kabati lenye giza, na kwa mwaka mzima hatuhangaiki: Krismasi zipo, Pasaka zipo, jirani yetu Mwislamu akifika Idi kuna yake, akizaliwa mtoto au binti wa mtu akifanyiwa kitchen party kuna ya kubeba. Ukituma kwa basi, funga kila chupa kwenye gazeti (samahani Mhariri, la kwenu ni zuri, lina kurasa nyingi), panga zikiwa zimesimama, na mwambie konda ni vioo. Usimwambie ni nini, vinginevyo zitafika pungufu.

Kuna vijana wataisoma barua hii wakaona biashara. Wazo si baya, na ndoo za maepo yanayooza msimu ukikolea nimeziona kwa macho yangu barabarani Makete. Ila zawadi kwa dada na bidhaa ya dukani ni vitu viwili. Tangu 2019 masuala ya usalama wa chakula yako chini ya TBS, shirika la viwango, na mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambako anafundishwa na kuelekezwa hatua zinazofuata. Huko watampimia uchachu kwa kifaa, kitu ambacho mimi siwezi kumfanyia kwa ulimi wangu. Asianze kwa kubandika nembo nzuri kwenye chupa za mayonezi zilizookotwa.

Ombi langu kwenu wahariri wa mapishi ni hili. Mkiandika tena habari ya kufunga chakula kwenye chupa, wekeni mita pembeni ya dakika, maana gazeti moja linasomwa ufukweni Lindi na linasomwa pia Bulongwa kwenye baridi. Dakika tano za Lindi si za Bulongwa. Ile habari ya kupindua chupa iacheni. Na lile boga naomba mlifute wazi katika toleo lijalo, kwenye ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule mliotumia kuliandika.

Wako,
Mpishi mstaafu wa reli,
Uyole, Mbeya.